Kamera Iliyorudi na Milango Miwili ya Kioo

Ijumaa, saa 8:15 mchana. Siku moja kabla ya chombo kurushwa.

Chumba cha nyuma cha mgahawa wa Mama Purvis kilinuka mafuta ya kukaangia kamba na dawa ya kupigia deki. Lonnie Strickland alisukuma maganda ya kamba kwa kiganja na kutandaza karatasi ya kuwekea sahani. Juu yake alikuwa amechora jengo la kuhifadhia vifaa vya anga kwa wino mwekundu.

"Mlango wa nyuma, wa mizigo. Korido. Halafu milango miwili ya vioo," alisema. "Nyuma ya vioo, chumba cha baridi. Humo ndimo alimo bibi harusi."

Bibi harusi ilikuwa kamera. Kamera nyingi walizopanda nazo wanaanga ziliachwa hukohuko mwezini, zimelala vumbini, ili chombo kipunguze uzito na kibebe mawe. Filamu tu ndizo zilizorudi. Lakini hii ilirudi. Rubani mmoja aliisweka kwenye mfuko wa mawe bila kuomba ruhusa, akagombezwa, kisha wakubwa wakaifungia ndani kama dhahabu. Mtu wa Miami alikuwa anaisubiri.

Walikuwa watatu mezani. Lonnie, mwenye duka la mabaki ya vyombo vya anga barabara kuu ya Titusville, aliyewauzia watalii skrubu kana kwamba ni mifupa ya watakatifu. Duane Rigsby, jitu la miraba minne, zamani mtoa walevi kwenye mabaa. Na Odell Tisdale, miaka sitini na miwili, fundi wa lenzi aliyestaafu kutoka jengo hilo.

Odell hakuja kwa kupenda. Miaka ishirini nyuma, mkewe akiwa hoi hospitalini, alitoka kazini na lenzi moja ya akiba ndani ya kopo lake la chakula. Lonnie aliinunua. Hakuiuza kamwe. Aliitunza kama mkulima anavyotunza mbegu, na mwaka huu wa 1994 alikuja kuvuna. Aliitoa mfukoni sasa, akaizungusha mezani taratibu. Namba zake zilionekana wazi. Zikifika kwa wakubwa, pensheni ya mzee imekwenda, na binti yake pekee, Glenda, mlinzi wa jengo hilohilo, asingeaminiwa tena hata na ufunguo wa choo.

"Masharti yangu ni mawili," Odell alisema. "Glenda asiwe zamu. Na hakuna kubeba chuma."

"Glenda kesho yuko mapumziko, zamu nimeiona kwa macho yangu. Chuma cha nini, mzee? Sisi majambazi?"

Duane alitazama dari.

Mpango ulikuwa mwepesi. Kengele za chumba cha baridi zilisikia hata hatua ya paka. Chombo kikiruka, ardhi nzima hutetemeka, kwa hiyo walinzi huzizima zikibaki dakika saba. Na hapo kila mtu hutoka nje kuangalia juu. Karani, mpishi, mkurugenzi. Mtu wa pwani ile hakosi chombo kikiruka, hata akiwa na jino linauma.

"Dakika saba na ngurumo yake," Lonnie alisema na kugonga saa yake ya mkononi. "Tumetoka."

"Dakika saba za saa yao ya kurushia, si za hiyo yako," Odell alisema. " Saa yao husimama."

"Ikisimama?"

"Watu wanarudi ndani. Kengele zinawashwa."

"Acha uchuro. Redio imesema hali ya hewa safi."

Lonnie alikuwa mtu wa Georgia. Miaka ishirini na miwili pale, na bado aliamini vyombo vya anga vina ratiba kama mabasi.

Jumamosi, saa 4:11 asubuhi. Zimebaki dakika tisa.

Barabara zote zilikuwa zimejaa magari ya watazamaji. Watoto juu ya maboneti, wazee na darubini, masanduku ya barafu kila mahali. Gari la Lonnie lilipita njia ya vumbi nyuma ya jengo, likasimama, funguo zikaachwa ndani. Odell alibonyeza namba za mlango wa mizigo. Zilikuwa zilezile za siku aliyostaafu. Aliona aibu kwa niaba ya kampuni.

Koridoni kipaza sauti kilikuwa kinasoma saa. Meza ya mlinzi haikuwa na mtu. Juu yake kulikuwa na karanga za kuchemsha zilizoliwa nusu, na kopo la chakula la bati lililofungwa kitambaa cha manjano.

Odell alisimama. Kopo hilo lilikuwa lake kabla halijawa la Glenda.

"Lonnie. Ulisema hayupo."

"Amebadilishana zamu na mwenzake. Nimejua jana jioni."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungekuja?"

"Narudi nyumbani."

Duane alipandisha shati. Bastola ilikuwa kiunoni. "Tembea, babu. Yuko nje anashangaa mawingu. Asipoingia, hamna noma."

Odell alikitazama tena kile kopo. Alitembea. Mbele kulikuwa na bastola, nyuma kulikuwa na lenzi, na kati yake na mlango wa kutokea kulikuwa na hao wawili.

Saa 4:13. Dakika saba.

Taa juu ya mlango wa kioo iligeuka kijani. Kengele zimezimwa.

Kati ya milango miwili kulikuwa na kijumba cha kuenea mtu mmoja, labda na nusu. Mtu husimama humo, upepo humpuliza kumtoa vumbi sekunde ishirini, ndipo mlango wa pili hukubali kufunguka. Mmoja ukiwa wazi, mwingine hukaza. Ndivyo ilivyoundwa. Waliingia mmojammoja. Odell wa kwanza, Duane akimchungulia kupitia kioo.

Ndani ilikuwa baridi ya jokofu. Kamera ilikaa rafu ya tatu, kwenye sanduku lenye sponji. Rangi ya fedha imekwanguka pembeni. Vishikio vya lenzi vilikuwa vikubwa, vya kuzungushwa na mikono yenye glavu nene. Haikuwa na tundu la kuchungulia, maana iliundwa kukaa kifuani, ipige picha kule kifua kinakoelekea. Odell alizikumbuka skrubu zake moja moja. Yeye ndiye aliyeifuta grisi yote ya kawaida, maana kule juu grisi hugeuka mvuke na kuipofusha lenzi.

Aliinua sanduku. Mkono wake wa kulia ukafanya kitu chake. Ukachomoa kikaratasi chekundu kwenye kitabu kilichoning'inia rafuni, ukaandika: *Imetolewa na O. Tisdale, saa 4:16.* Ukakifunga kwa uzi mahali pa sanduku.

"Unafanya nini?" Duane alinong'ona.

Odell alikitazama kikaratasi kama mgeni. Miaka ishirini na sita hakuna kilichotoka rafu hizo bila kikaratasi: nani, lini, kwa nini. Kitu kimoja tu kilitoka bila hicho.

"Anawaachia risiti!" Duane alishika kichwa. "Bosi, huyu mzee amewaandikia jina letu!"

"Jina langu," Odell alisema. "Lako sikuliandika."

Lonnie alikichana na kukitia mfukoni. "Ukirudia nakuvunja vidole." Kisha akaziona droo za lenzi. Macho yalimtoka. Alianza kuzivuta moja baada ya nyingine, Duane akimshikia begi.

Hapo ndipo walipomsahau. Odell alisogea mlangoni. Upande wa ndani kulikuwa na kishikio chekundu cha dharura, kinachofungua mlango kwa nguvu hata ukiwa umekaza. Skrubu mbili. Bisibisi yake ilikuwa imefungwa kwa uzi kifundoni mwa mkono, kama zamani, isije ikadondoka ndani ya kamera. Alikifungua. Mikono haikumtetemeka, na jambo hilo lilimtisha zaidi ya bastola. Kishikio kikaingia mfukoni, pamoja na kile kitabu cha vikaratasi.

Saa 4:18.

"Kamera itangulie," alisema. "Ikae kwenye upepo mkavu kwanza."

"Nitaibeba mimi."

"Ibebe. Nje ni Agosti. Ukiitoa kwenye baridi hii ghafla, inatoka jasho kwa ndani, gundi ya vioo inapasuka. Huyo mtu wa Miami utamuuzia chupa."

Lonnie alimkazia macho. Kisha akapisha. "Usifungue wa nje mpaka niseme. Duane anakuona."

Odell aliingia kijumbani na sanduku kifuani. Mlango wa ndani ukajifunga. Upepo ukaanza. Kipaza sauti kiliendelea kuhesabu, arobaini, thelathini na tano.

"Thelathini na moja. Simamisha. Saa imesimama."

Upepo ulikatika. Kimya kilifuata, kisha mguno wa watu wengi huko nje.

Saa 4:20. Saa ya kurushia imesimama.

Taa ya kijani ikawa nyekundu. Ndani ya chumba cha baridi, Lonnie alikuwa ameinua mguu mmoja. Aliuacha hewani. Duane aliganda na begi mikononi. Hatua moja na jengo lote lingelia. Odell aliwaona kupitia kioo, pumzi zao zikitoka moshi. Alitaka kucheka, akashindwa. Kijumba kilimbana mabega, na hewa yake ilianza kuisha utamu.

Viatu vikalia koridoni. Alizijua hatua hizo tangu zilipokuwa za mtoto wa mwaka mmoja.

Glenda alitokea kwenye kona, ufunguo kiunoni, redio begani. Hakuwa na silaha. Alikuwa anakagua kioo tu, kama taratibu zinavyotaka. Nyuma ya mgongo wa Odell, Duane aliachia begi taratibu, kidole kwa kidole. Mkono wake ulishuka kiunoni polepole, kengele isisikie. Glenda angefika kiooni, angeona, na Duane angekuwa tayari. Mlango wa nje ukijifunga nyuma ya Odell, wa ndani ungefunguka.

Basi usijifunge.

Odell alisukuma mlango wa nje, akapiga hatua moja, akaacha kiatu chake kizingitini. Nyuma yake chuma kililia *ka*. Mlango wa ndani umekaza.

"Glenda! Simama hapohapo! Kaa pembeni ya ukuta!"

Duane aliruka. Kengele zikapasuka jengo zima. Alivuta mlango, akatafuta kishikio chekundu, akakuta matundu mawili ya skrubu. Lonnie alimpiga mgongoni akipiga kelele zisizosikika. Bastola ikalia. Kioo kinene kikafanya ukungu mweupe, kikashika. Risasi ilirudi ndani, ikamla Duane bega, naye akaketi chini akilishika, bastola ikateleza chini ya rafu.

Glenda alikuwa ukutani, mdomo wazi. "Baba?"

"Ita polisi."

"Baba, uliniambia unaenda kwa daktari wa macho!"

"Ita polisi kwanza, mwanangu. Utanitukana baadaye."

Aliita. Redio ikajibu kwamba askari wa kaunti wako njiani, lakini barabara zote zimeziba, mlinzi avumilie nusu saa.

Saa 4:31.

Glenda alizima kengele, akaburuta kiti cha mezani kwake, akakikaza kati ya mlango wa nje na fremu. Akajaribu kuuvuta. Haukwenda. Machozi yalikuwa yanamtoka naye hakuyajali.

"Toa mguu," alisema kwa sauti ya chini. "Kiti kinashika. Mlango wa mizigo uko wazi, nimeona gari nje. Nenda, baba. Nitasema sikumwona mtu wa tatu."

"Hawa watasema."

"Nani atawaamini? Nenda!"

Nyuma ya kioo Lonnie alikuwa amesikia, au amekisia. Alichomoa ile lenzi mfukoni, akaibandika kwenye kioo, namba zikiwaelekea. Midomo yake ilisema neno mojamoja: *Nitasema. Nitasema.*

Odell aliitazama. Miaka ishirini alikuwa akilala na lenzi hiyo, akiamka nayo. Alitoa mguu kizingitini. Alitazama upande wa mlango wa mizigo, mwanga wa jua uliokuwa umelala sakafuni. Kisha akaketi kwenye kiti.

"Wewe ni mbishi kama marehemu mama," Glenda alisema huku akilia.

"Nipe kalamu."

Alifungua sanduku magotini, akahakikisha kamera haijatoka jasho. Akatoa kitabu cha vikaratasi. Cha kwanza aliandika: *Kamera. Imetolewa na O. Tisdale. Imerudishwa na O. Tisdale.* Akakifunga.

Cha pili kilimchukua muda. Kipaza sauti kilikuwa kimeanza tena kuhesabu. Hakukisikiliza. *Lenzi ya akiba. Imetolewa na O. Tisdale. Machi 1974.* Mahali pa sababu akasimama, kisha akaandika: *Mke alikuwa mgonjwa. Sikuomba.*

Alimpa Glenda. "Niliitoa ndani ya kopo la chakula," alisema. Glenda alisoma mara mbili, akageuka kuangalia meza yake kule mwisho wa korido.

"Kwenye kopo langu?"

"Kwenye kopo lako."

Hapo sakafu ilianza kutetemeka. Chombo kilikuwa kimeondoka. Rafu ziliimba, kioo kilichoatuka kilitikisika, na lenzi ikagongagonga mkononi mwa Lonnie, maana hakuwa na mahali pa kuipeleka. Nje watu walipiga vigelegele. Odell hakuwahi kukosa hata kimoja. Aliketi ameinamisha kichwa mpaka ngurumo ilipokwisha.

Glenda alifuta uso kwa mkono wa shati. Akaweka kikaratasi juu ya goti, akatia sahihi mahali pa mlinzi, akaandika na saa.