Aliyekaribishwa Mgodini

Asubuhi hiyo tulikunywa chai vizuri tu, tukapanda ndege. Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na sita. Mimi, kijana wangu Kipngetich na bibi yake Edah, tumetoka mji wa Laurel mahali wanakaa, tunaenda kutembea. Edah alikuwa mjamzito, tumbo imeshajitokeza. Kipngetich ndiye alisema, "Mama, tangu uje Amerika unaangalia tu magari yakipaki. Twende uone mahali wazungu walikimbilia dhahabu."

Mji wenyewe uko mbali, kwa milima, Kolorado. Jina lake halikai kwa kichwa yangu. Zamani watu walimiminika huko kama nzige, halafu dhahabu ikaisha, wakaacha nyumba za mbao. Siku hizi wanauzia wageni peremende na vikombe vya bati. Mimi nilicheka! Kikombe kama kile nilitupa kwangu Bomet, hapa wanakipangia laini ya kununua.

Mchana tukaingia mgodi wa zamani. Kipngetich akakataa, mahali pamefungana anaogopa tangu utoto. Akabaki nje na mikoba yetu. Tukaingia mimi na Edah na wazungu wengine, tunaongozwa na kijana anaitwa Wayne. Baridi. Maji yanadondoka. Tukafika mwisho kabisa, Wayne akasema anazima taa, tuone giza ya wachimbaji.

Akazima.

 Halafu nikasikia kitu ndani ya ukuta.

Ko. Ko. Ko.

Polepole. Kama mgeni mwenye adabu.

Na Edah, mtoto wa watu aliyelelewa vizuri, akajibu vile huwa anajibu kwake.

"Karibu."

Taa ikawaka. Wayne akatuangalia mmoja mmoja. Akauliza kitu, akaongea haraka. Edah akanitafsiria sikioni. "Anasema kuna watu walifukiwa hapa, mama. Anasema wachimbaji walikuwa wakisikia hodi kwa ukuta, hawajibu."

"Na wewe umejibu."

"Labda ni mchezo yao ya kutisha wageni." Lakini alikuwa ameshika tumbo na mikono miwili. "Mama, mtoto amegeuka."

Tuliporudi Laurel, mtoto alizaliwa kijana, mzima, hana kasoro. Kitu kimoja tu. Hakuwa analia. Alikuwa anaangalia ukuta.

Sasa, kwetu Kipsigis mtoto hapewi jina kwa kupenda. Mama wazee wanamshika, wanaita wafu wa ukoo, mmoja mmoja. Akipiga chafya, huyo ndiye amerudi. Kwa hivyo siku moja mchana, Kipngetich akiwa kazini, nikakaa sebuleni na mtoto, na ugoro wangu wa kuleta chafya. Binti yangu Jepkosgei, yule nesi, akaja kutoka kwake Oxon Hill. Jepkosgei hajawahi kumpenda Edah, tangu harusi.

"Mama, unawekea mtoto mchanga ugoro? Hapa utaitiwa polisi."

"Wewe uliwekewa, na mdomo haikufunga."

Nikaita mzee wangu, baba Kipngetich, marehemu arap Sigei. Kimya. Nikaita baba yake. Kimya. Nikaita ndugu zake wote. Nikaita mpaka shemeji yangu Chepkwony, yule alisogeza mpaka wa shamba letu, yule niliapa jina yake haitaingia nyumba yangu. Nikameza hasira, nikaita.

Mtoto aliniangalia tu.

Jepkosgei akanivuta jikoni. "Wafu wetu hawamjui," akanong'ona. "Uliza huyo mwanamke mtoto ni wa nani. Usipouliza, mimi nitaambia Kipngetich leo leo."

Edah alikuwa kwa mlango. Amesikia yote. Machozi inashuka.

Mimi maneno ya jikoni nayajua. Dada yangu mdogo alirudishwa kwao kwa neno moja kama hilo, mpaka leo watoto wake hawasalimiani na baba yao. Na nisidanganye, hata mimi nilikuwa namshuku Edah. Lakini si kwa mambo ya mwanaume.

Nikawaacha hapo. Nikarudi kwa mtoto peke yangu. Sikuita jina. Nikakunja kidole, nikagonga meza.

Ko. Ko. Ko.

Akapiga chafya.

Halafu akanigeukia, akatabasamu. Mtoto wa siku chache hatabasamu hivyo, mpaka na macho.

 Nikashika kiti. Nikapiga kelele, "Arap Sigei! Amekubali! Mzee amerudi!"

Jepkosgei akaja mbio na vigelegele. Akamkumbatia Edah, analia, anaomba msamaha. Kipngetich aliporudi alikuta chai na kicheko. Hakuna mtu alimwambia chochote. Edah peke yake hakucheka. Aliangalia meza, akaniangalia mimi.

Jioni nikamwogesha mtoto. Maji safi ya mfereji, nilipima moto na kiwiko. Nikamtoa, nikamfunga na taulo. Nikazungusha beseni ili nimwage.

Chini palibaki mchanga mweusi. Katikati ya mchanga, punje za njano. Ndogo. Zinang'aa.

Nikamwaga, nikasugua beseni. Kesho yake zilikuwa hapo tena.

Tangu hapo kumwogesha mtoto ni kazi yangu. Edah akija kusaidia, nafunga mlango.