Laiki ya Wifi

Simu ya msusi ililia mara moja juu ya meza ya vitana. Akaichungulia huku vidole vikiendelea kusuka nywele za wifi yake, kisha vidole vikasimama.

— Wifi, simu yako iko wapi?

— Nimeiacha nyumbani inachaji. Kwani vipi?

— Umelaiki picha yangu sasa hivi. Ile ya zamani, ya gauni la njano.

Wifi akatoa mikono yake chini ya kitambaa. Mitupu. Nusu ya kichwa imesukwa, nusu nywele zimesimama wima.

— Mungu wangu! Nyumbani yupo mchumba wako. Na namba ya siri anaijua!

Mchumba mwenyewe, fundi friji, msusi alikuwa amembloku kila mahali. Kila mwanamume aliyesifia mtindo wa nywele kwenye ukurasa wake, fundi alimdai msusi maelezo: ni nani, anatoka wapi, mnajuana vipi. Ujumbe juu ya ujumbe, mteja yuko kwenye kiti. Wazazi walishapanga harusi, lakini msusi hakuwa na hakika tena kama aolewe.

Akapiga namba ya wifi, akaweka spika. Iliita weee, mpaka ikapokelewa.

— Nisamehe, — fundi akasema. — Kidole kiliteleza.

— Kumbe mwenye kosa ni kidole?

— Nilitaka tu kujua kama uko mzima.

— Si ungemuuliza dada yako?

— Lakini na wewe! Umenibloku bila hata neno. Mtu anafungiwa, haambiwi kosa, haambiwi mpaka lini. Hata mfungwa anaambiwa! Wenye mtandao wangeweka basi sehemu ya kuandika sababu.

Neno lile lilimchoma msusi, kwa sababu halikuwa la uongo.

— Kwetu sisi sawa, tunajuana. Lakini kuna mtu ananitumia picha za aibu, simjui hata sura. Na yeye nimwandikie sababu? Si atakuja kubishana nayo?

— Mimi si yeye.

— Najua. Ila yeye kila nikimfungia anarudi kwa jina la mtu mwingine. Na wewe leo umefanya nini?

Wifi akaguna kwenye kiti.

— Hapo huna la kusema, mdogo wangu. Na simu yangu uiweke chini!

— Basi niambie nifanye nini, — fundi akasema taratibu.

— Sababu nakupa kwa mdomo: nimechoka kuhojiwa. Mpaka lini, sijui. Nataka nikae mahali ambapo hunioni, nijue kama nakukumbuka au nakuogopa. Ukichungulia, sitajua kamwe.

— Na harusi?

— Ndiyo hiyo ninayoifikiria.

Alisikika akivuta pumzi.

— Sichungulii tena.

Wifi akabadilisha namba ya siri, ingawa hakukuwa na haja. Kila alipokuja saluni alisema hivyo hivyo: mdogo wangu simu haiombi, habari zako haulizi, akiniona nimefungua ukurasa wako anatoka sebuleni. Mwanzoni msusi alipumua tu. Baadaye akaanza kumkumbuka: mluzi wake akiwa kazini, vichekesho vyake visivyochekesha. Akajichunguza kama kuna woga ndani yake, akakuta umepungua, na hamu imebaki pale pale.

Mchana mmoja, wateja wakiwa wachache, akamfungulia. Akasubiri mafuriko ya maswali. Hayakuja. Akaandika mwenyewe:

"Nimekufungulia. Uko kazini?"

"Niko kazini. Asante. Nije, au nisubiri?"

Akarudia kulisoma swali lile. Siku zote fundi alikuwa akiuliza habari za wanaume wengine. Leo alikuwa anamuuliza anachotaka yeye.

"Njoo."

Mlango wa saluni ulikuwa wazi, watu wanaingia na kutoka bila kuuliza. Fundi alifika na sanduku lake la vifaa, akasimama nje ya pazia.

— Hodi?

Msusi alimsikia. Akaweka kitana mezani, akamwacha asimame kidogo, maana ilimpendeza kuombwa ruhusa.

— Karibu, — akasema.