Ukurasa wa Arobaini na Moja

Wajukuu zangu, mnanisumbua kwa jambo ambalo mtu mwenye akili angeliacha lilale. Haya. Niliishia darasa la tatu, kwa hiyo herufi zikipinda, zipinde. Habari yenyewe imenyooka.

Mwanangu wa mwisho, mjomba wenu, alikuwa mwalimu wa kemia chuoni. Vitabu vya kemia vilikuwa sita kwa wanafunzi mia moja na kumi, vimefungwa minyororo maktabani kama mbwa wakali. Akapata cha bure mtandaoni, kilichotungwa na walimu walioruhusu kila mtu akinakili, akipunguze, akiongeze. Sikuona ubaya, na mpaka leo sioni. Watoto wa maskini walikisoma kwenye simu wakiwa foleni ya maji. Mkuu wa chuo akampa mkono mbele ya watu, nami nikatembea wiki nzima shingo juu, utadhani nilikitunga mimi.

Kisha wanafunzi wakalalamika kuwa kitabu ni kizito, kinakula bando. Mwanangu akakaa nacho sebuleni kwangu, akakipunguza. Akatoa picha, akatoa dibaji, akatoa na ukurasa wa arobaini na moja, wa maonyo. Nilimuuliza kama maonyo nayo yana uzito. Akacheka, akasema hayo atawaambia mwenyewe kwa mdomo.

Siku ya zoezi la maabara alikuwa na mafua, sauti imekauka. Akawaambia wafuate kitabu.

Kulikuwa na binti mmoja, mtoto pekee wa mama mpiga pasi wa mtaa wetu. Alikaa benchi la mbele na kuuliza hata lililo wazi. Alifuata kitabu mstari kwa mstari. Asidi kali ndiyo humiminwa kwenye maji, kidogo kidogo. Maji hayamiminwi kwenye asidi, hata tone. Leo hata mimi najua. Kwenye simu yake onyo hilo halikuwamo. Alimimina maji, asidi ikachemka, ikamrukia usoni.

Akaishi siku tisa.

Mwanangu alikuja jikoni, akaegemea mlango kama gunia lililotoboka. Akaniambia kamati ya chuo ya kuchunguza kifo inakaa Jumatatu. Niliendelea kumenya viazi.

"Kitabu cha karatasi kingekusuta," nikamwambia. "Hiki si kiko mkononi mwako? Rudisha ukurasa, unyamaze."

"Mama. Mtoto wa watu."

"Na wewe mtoto wa nani?"

Akaurudisha. Kamati ikafungua, ikaukuta umetulia mahali pake. Hakuna aliyeuliza umerudi lini. Ikaandikwa kuwa marehemu hakusoma maonyo. Mama yake alisomewa hayo akiwa amesimama. Akajibu tu kwamba mwanawe alikuwa anasoma hata makaratasi ya kufungia sabuni, akaondoka. Nilimwona akipita kwangu. Nikafunga dirisha.

Wiki iliyofuata ukurasa ulitoweka. Mwanangu akaurudisha, kufika mchana, haupo. Akaurudisha tena. Haupo. Sasa, kitabu kile huandika jina la kila anayekigusa, mahali anapopaona mwenye neno la siri peke yake. Akapafungua. Chini ya jina lake, mara tatu, lilikuwa jina la binti. Saa ni ileile: saa sita na dakika kumi. Saa aliyomimina maji.

Jumamosi akaniita nione. Jua limejaa sebuleni, redio ya jirani inaimba. Kompyuta mezani. Mikono yake mapajani, yangu pia.

Saa sita na dakika kumi herufi zikaanza kuondoka. Moja moja. Kutoka chini kwenda juu, kama mtu anayeokota mchele uliomwagika.

Likaanguka tone mezani. Kitambaa kikatoboka. Tone lingine. Moshi mwembamba. Nikatazama dari, dari kavu.

Redio iliendelea kuimba.

Kiti cha tatu kikasogea.

"Mwalimu," ikanong'ona sauti, ya upole, ya mtu wa benchi la mbele. "Hapa panasemaje?"

Mwanangu akafungua mdomo. Nikamkamata mkono.

"Usimjibu," nikanong'ona.

Hata hapo, wajukuu zangu. Hata hapo.

Alijinasua, akajibu. Akausoma ukurasa wote kwa kichwa, onyo la kwanza hadi la mwisho, kamasi zikimtoka. Alipomaliza, kiti kilikuwa kimerudi mahali pake.

Jumatatu akaenda kwa mkuu wa chuo, akasema. Kazi ikaishia hapo. Jioni tukaenda kwa mama mpiga pasi, akasema tena. Yule mama alimuuliza jambo moja tu: nani alimfundisha kunyamaza. Mwanangu akasema hakuna. Alinificha. Nami nimekaa kando yake, kwenye kiti cha watu, chai ya watu mkononi. Nikainywa.

Ukurasa haukutoweka tena. Mjomba wenu sasa anatengeneza redio na pasi, na usingizi anaupata.

Tone nililisikia mimi. Jikoni, saa sita na dakika kumi, nyuma yangu. Kesho yake, karibu zaidi. Nilijua ninachotakiwa kusema na kwa nani. Ni nyumba ishirini kutoka kwangu. Kila siku nikasema kesho. Siku ya tisa niliinama kumenya viazi, nikahisi kitu kwenye jicho la kulia. Hakikuwa cha moto. Kilikuwa cha baridi.

Daktari wa macho alinimulika muda mrefu, akamwita mwenzake. Wakaniuliza, kwa heshima zote, bibi alifanya kazi maabara gani. Jicho limeungua kwa asidi, walisema, lakini kope haina alama, hata unywele mmoja haujaguswa.

Kutoka hospitali sikupitia nyumbani. Nilipapasa ukuta mpaka kwa yule mama, nikasema yote nikiwa mlangoni. Alinisikiliza huku anapiga pasi shati la watu. Nilipomaliza akaisimamisha pasi, akaja karibu, akanishika kidevu, akaligeuzia jicho langu kwenye mwanga.

"La kushoto linaona?"

"Linaona."

Akarudi kwenye shati lake.

"La mwanangu halikuona."

Nikasimama pale. Hakunikaribisha, hakunifukuza. Tangu siku ile naenda kwake kila adhuhuri, namkunjia nguo za wateja mpaka saa sita na dakika kumi ipite. Hajawahi kuniambia basi, inatosha.