Fahali wa Kumkaribisha Nyawal

Semei alianguka mbele ya soko zima la Konyo Konyo, mjini Juba, saa nne asubuhi, tena alianguka vibaya. Alikuwa na spika ya betri begani na kipaza sauti mkononi, akitangaza filamu ya mchana, na kwa kutaka wanawake wa upande wa samaki wamwone vizuri alikuwa akitembea kinyumenyume. Kisigino kikakanyaga bamia. Spika ikaenda kulia, Semei akaenda kushoto, akaketi kitako ndani ya karai la maji ya samaki.

Watu walicheka, lakini kicheko kimoja kilitangulia vingine vyote. Mwenye kicheko alikuwa msichana mrefu aliyevaa sketi ya jinzi na blausi ya manjano, nywele amezisuka na kuzifunga juu kwa kitambaa, na miguuni viatu vyekundu ambavyo mtu mwenye akili havivai Konyo Konyo wakati wa mvua.

"Aki pole," alisema huku bado anacheka. "Si wewe ndiye VJ wa Munuki? Yule aliyezima moto?"

Hapo inabidi nieleze, maana maneno yote yalianzia hapo. Miaka ile ya amani, baada ya vita, Juba ilijaa watu waliorudi na watu waliokuja kutafuta. Semei alitoka Masaka, Uganda, na rafiki yake Emma, kijana mwenzake, wakafungua banda la video mtaa wa Munuki: mabati, mabenchi, televisheni moja na jenereta nyuma. Filamu zilikuja kwa lugha ambazo hakuna aliyezijua, kwa hiyo Semei, kama VJ, alikaa kando ya televisheni na kipaza sauti, akieleza kila kinachosemwa. Asipojua, alitunga. Na zaidi ya yote, aliwapa watu wa kwenye filamu majina ya watu wa mtaani. Kuitwa jina lako na VJ ilikuwa heshima. Mziba pancha alikuja na mkewe aliposikia kwamba leo ndiye atakayemkata jini kichwa.

Na ule moto? Miezi mitatu nyuma, jenereta ilishika moto watu wakiwa ndani. Mji mzima uliamini kwamba Semei aliuzima kwa mchanga. Kweli yenyewe waliijua watu wawili tu. Semei alikuwa wa kwanza kutoka, aliruka mabenchi matatu na bibi mmoja. Aliyezima ni Emma, na kiganja chake kiliungua. "Wacha waamini," Emma alimwambia. "Watu wanapenda kuja kuona shujaa."

Basi Semei, maji ya samaki yakimchuruzika suruali, alimtazama yule msichana machoni. "Ndiyo," akajibu. "Ni mimi."

Msichana aliitwa Nyawal. Alikulia Eldoret kwa shangazi yake, akarudi Juba mwaka mmoja uliopita kuishi na baba yake Munuki, na kazi yake ilikuwa kupiga chapa katika ofisi. Alimpa Semei namba ya simu, na kuanzia hapo mdomo wa Semei ukapata kazi ya pili.

"Haloo, shujaa."

"Haloo, sukari yangu. Umekula?"

"Nimekula kisra. Na wewe?"

"Mimi iko na njaa ya kukuona tu."

"Wewe! Hayo maneno si ulimwambia malkia wa majini kwenye filamu ya jana? Nilikusikia kwa spika ya nje."

"Ile ilikuwa mazoezi, nyabo, bibie wangu. Sasa ndiyo nasema ya kweli."

"Na malkia alisemaje?"

"Alimgeuza yule jamaa mbuzi."

"Basi chunga. Usije ukaanza kula majani huko." Na akacheka kile kicheko cha sokoni, Semei akakaa na simu sikioni hata baada ya kukatika.

Walikutana jioni kwa mama wa chai aliyekuwa na rakuba yake, kibanda cha nyasi, mkabala na banda la video. Hapo ndipo Nyawal, siku moja, alipoacha kutania. Alizungusha glasi ya chai, akamwambia jambo ambalo hata shangazi yake hakuwahi kulisikia.

Siku aliyorudi, baba yake aliwaita jamaa wote Munuki. Fahali mweupe alifungwa uani. Kwao mgeni wa heshima huchinjiwa fahali, kisha hupita juu ya yule mnyama, mabaya yote ya njiani yabaki nyuma. Nyawal hakuambiwa. Aliona mkuki, akapiga kelele, fahali akastuka na kukata kamba. Msichana wa Eldoret akapanda juu ya paa la jiko, paa la nyasi likavunjika, akatua ndani ya sufuria ya mboga mbele ya wazee. Fahali akaingia kwa jirani. Hakuna aliyechinjwa, hakuna aliyeruka.

"Baba yangu alikuwa komanda, Semei. Alipigwa risasi mara mbili. Siku hiyo alifunika uso na mikono, akalia mbele ya watu wa rika lake. Nilimwaibisha. Mpaka leo hatujaizungumzia."

Semei alimshika mkono. "Hiyo nimeiweka ndani," alisema. "Haitatoka."

Siri ya mtungi muulize kata. Na kata hii, jamani, ilikuwa na kipaza sauti.

Ijumaa Nyawal alipiga simu, sauti yake imejaa furaha. "Jumapili baada ya kanisa nitakuletea mgeni. Nataka aone kazi yako. Usiniulize ni nani."

"Ni Josline?" Josline alikuwa rafiki yake wa ofisini.

"Nimesema usiulize! Vaa shati safi."

Jumapili ikafika na filamu mpya ambayo Semei hakupata nafasi ya kuitazama kabla. Marafiki watatu, mpishi, mhunzi na mchunga punda, wametumwa kumpiga mchawi aliyemeza jua. Walikuwa wajinga wa kutosha. Mpishi alipigana kwa mwiko, mhunzi alijipiga nyundo kidoleni kila alipotaka kumpiga adui. Semei akamwita wa kwanza Albino, yule mziba pancha, wa pili Loro, muuza mkaa. Banda likafurika kicheko. Wa tatu hakuwa na jina bado.

Kisha mchawi akatoa fahali wa moshi. Mchunga punda akapiga kelele, akakimbia, akapanda juu ya paa la nyasi. Paa likavunjika. Akatua ndani ya sufuria.

Ulimi hauna mfupa, na wa Semei siku hiyo haukuwa hata na breki. "Huyu wa tatu anaitwa Nairobi!" alipaza sauti. "Amerudi juzi kutoka Kenya, hajaona ng'ombe ila kwa kopo la maziwa! Wamemchinjia fahali wa kumkaribisha, yeye anapanda jikoni! Yuko ndani ya mboga, banange! Na baba yake, komanda mzima, tazama, analia mbele ya wazee kwa aibu!"

Watu waliangukiana. Semei naye alicheka, akainua macho kupokea sifa zake, na akawaona. Nyawal alisimama mlangoni na gauni lake la bluu la kanisani. Kando yake mzee mrefu mwenye mistari sita ya chale kwenye paji la uso, suti ya kijivu iliyopigwa pasi, fimbo mkononi. Mgeni hakuwa Josline. Msichana alimleta baba yake aje amwone mwanamume anayempenda.

Mzee huyo, Koang, alimtazama Semei kwa muda, akageuka. Nyawal akamfuata. Filamu ilibaki na saa nzima, na Semei aliieleza yote, kwa sababu watu walikuwa wamekaa wanangoja. Alimsaidia Albino kumpiga mchawi huku uso unamwaka moto. Sijui kama mliwahi kuchekesha watu mkiwa mnataka kujificha chini ya benchi.

Alipiga simu Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Jumatano ikapokelewa.

"Nyawal, mpenzi, sikiliza. Mimi nilisahau kwamba..."

"Hukusahau." Sauti yake ilikuwa tulivu, na hilo lilimuumiza kuliko matusi. "Ulikumbuka kila kitu, Semei. Mpaka sufuria."

"Malesh, nisamehe, nyabo. Mdomo ulikimbia."

"Nilikupa kitu kimoja tu cha kuniwekea. Baba hali chakula mezani na mimi. Anakaa nje. Na wewe, shujaa wa moto, mtu mzima, ukawauzia watu." Simu ikakatika.

Mambo hayakuishia hapo. Alhamisi Semei alikuwa kwenye stendi ya boda boda aliposikia vijana wakimpigia kelele msichana aliyepita na miwani ya jua: "Nairobi! Panda jikoni, fahali anakuja!" Wakacheka. Msichana yule hakuwa Nyawal, hakujua hata wanasema nini, lakini aliharakisha hatua. Maneno yalikuwa ya Semei, neno kwa neno. Alirudi bandani, akamkuta Emma anafuta jenereta, akamweleza yote.

Emma aliendelea kufuta kwa ule mkono wenye kovu. "Rafiki," alisema, "siku ya moto ulikimbia, nikanyamaza. Sasa tena unakimbia, na huko nyuma umemwacha mtu ndani."

Semei hakulala vizuri. Jumamosi alituma ujumbe: Kesho narudia filamu ile. Tafadhali njoo na mzee. Msiingie. Kaeni kwa mama wa chai, spika ya nje itasikika. Hakupata jibu.

Jumapili watu walijaa hadi wengine wakasimama. Walitaka Nairobi na sufuria. Semei alivaa shati lililofuliwa, ingawa hakujua analivaa kwa ajili ya nani. Fahali wa moshi alipotokea, watu wakaanza wenyewe kuimba: "Nai-ro-bi! Nai-ro-bi!" Semei akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Watu wangu, Jumapili ile mimi nilidanganya nyinyi jina. Huyu mwoga haitwi Nairobi. Anaitwa Semei, mtu wa Masaka."

Wakacheka, wakidhani ni mzaha.

"Huyu Semei, siku jenereta iliwaka moto hapa, aliruka mabenchi matatu na bibi mmoja, akatoka wa kwanza. Aliyemwaga mchanga ni Emma. Emma, simama. Onyesha mkono."

Emma alisimama polepole, akafungua kiganja. Kicheko kikakatika. Kwenye televisheni mchunga punda alikuwa akining'inia juu ya paa bila maelezo.

"Mwongo!" mtu alipiga kelele. "Mwizi wa sifa!" Maganda ya karanga yakamrukia Semei usoni. Yule bibi aliyerukwa alikuwapo mstari wa pili, naye akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Kumbe ni wewe uliyenikanyaga!" Hapo ndipo banda lilipopasuka kwa kicheko, kicheko kikubwa kuliko cha wiki iliyopita, na kilikuwa chake peke yake. Masikio yalimwaka. Alitamani ardhi ifunguke immeze na spika zake.

"Na ile habari ya fahali," aliendelea, "haikuwa yangu. Mtu aliniamini, mimi nikaiiba. Ukisikia kijana stendi anaimba Nairobi, mwambie jina ni Semei. Kalas, yameisha."

Alimtupia Emma kipaza sauti akatoka nje kwenye jua.

Chini ya rakuba ya mama wa chai alikaa mzee Koang na fimbo yake katikati ya magoti. Nyawal alikaa kando, kitenge kimefunika mabega, macho chini. Semei alipiga magoti kama wanavyofanya kwao mbele ya mkubwa.

"Inuka," mzee alisema. Kiswahili chake alikipata hospitalini Lokichoggio, Kenya, alipokuwa akitibiwa mguu, na alikitumia kwa uangalifu. "Ulisema mimi nililia kwa aibu. Nani alikuambia ni aibu?"

Safari hii Semei alifunga mdomo kweli.

"Ni mimi, Baba," Nyawal alisema. "Nilikuaibisha mbele ya watu wote. Nilijua."

Mzee alimgeukia binti yake, na kwa muda mrefu ilisikika tu sauti ya Emma kwenye spika ya nje, akihangaika: "Sasa... huyu... anakwenda. Yule naye... anakwenda pia."

"Nilikuacha una miaka minne," mzee Koang alisema. "Miaka kumi na saba nilifikiri siku utakayorudi. Kisha nikakuona unamwogopa fahali wa nyumbani kwenu, kama mtu wa kuja. Nikasema, vita imekula mtoto wangu, sikumfundisha hata hiki kidogo. Nililia kwa hilo. Aibu ilikuwa yangu, Nyawal. Na mwaka mzima umeibeba wewe."

Nyawal alifunika uso kwa kitenge akalia, na mzee akamwekea mkono kichwani. Semei alitazama ardhi, kwa sababu hiyo haikuwa yake ya kutazama.

Mwishowe mzee alisafisha koo. "Fahali yuko. Alirudi siku ya pili, anakula tu kwa ndugu yangu, amenenepa. Jumamosi tutamfunga tena, na binti yangu atapita. Nataka mtu wa kushika kamba."

"Mimi, mzee," Semei alisema kabla hajafikiri.

"Fahali huyo natoa mimi. Wale wengine wa mahari, wa kuleta wewe, tutaongea baadaye."

Nyawal aliinua uso. Macho yalikuwa mekundu. "Mimi bado sijakusamehe," alimwambia.

"Najua."

"Na fahali akivuta, utakimbia. Nakujua sasa."

"Nitakimbia," Semei akakubali. "Lakini kamba sitaiachia."

Nyawal alijaribu kujizuia akashindwa. Kicheko chake kilitangulia, cha mzee kikafuata.