Folda Iliyoitwa Akiba

Kila Jumamosi asubuhi seremala aliwasha kompyuta iliyokaa mezani, karibu na dirisha. Mkewe alipiga pasi. Binti yao wa miaka tisa alivuta kigoda, na wote watatu wakamsikiliza bibi.

Bibi, mama yake seremala, alikuwa amefariki mwaka uliopita. Kabla hajaugua, mwanawe alimrekodi akisimulia maisha yake: alivyojifunza kuogelea, alivyomkataa mchumba wa kwanza kwa sababu alitafuna kwa kelele. Rekodi zilikuwa kumi na moja.

Jumamosi moja kompyuta ilianza kugonga ndani kwa ndani. Ko, ko, ko.

"Mbona inalia hivyo?" mke aliuliza.

"Uzee tu. Hata magoti yangu yanalia."

"Magoti yako hayajabeba sauti ya mama mkwe."

Seremala alicheka. Wiki tatu baadaye kompyuta haikuwaka.

Waliipeleka kwa jirani yao, fundi wa kompyuta. Mtaa mzima ulimwita Dada Nyaya, kwa kuwa hakosi waya mfukoni. Baada ya siku mbili alikuja mwenyewe.

"Kaka, diski imekufa," alisema. "Ndiyo inayotunza kila kitu humo ndani. Ule mlio ulikuwa dalili. Mliweka nakala?"

"Niliweka," seremala alijibu upesi. "Mimi si mtu wa kubahatisha. Kila faili nililinakili kwenye folda nyingine, nikaiita Akiba."

"Folda hiyo iko wapi?"

"Humo humo."

Dada Nyaya alitazama chini. Seremala akaelewa kabla hajaambiwa. Ufunguo wa akiba wa karakana yake aliufunga kwenye pete moja na ule anaoutumia. Mwaka jana pete ilipotelea kwenye maranda, akavunja kufuli lake mwenyewe. Mkewe alimcheka wiki nzima. Leo hakucheka.

"Hata ile ya mchumba?" binti aliuliza.

"Nimeokoa picha chache tu. Sauti zimegoma. Nisamehe, mwanangu."

"Wa kusamehewa ni mimi," seremala alisema. "Niliusikia mlio, nikaufanyia mzaha."

Kisha mke akakumbuka. "Wifi hukuwahi kumtumia moja kwenye simu?"

Shangazi, dada yake seremala, alifika mchana uleule na simu yake. Rekodi ilikuwa ya sekunde arobaini. Bibi alisema, "Wewe, zima hicho kidude. Maziwa yanafurika." Kisha akacheka, na kiti kikaburuzwa.

"Tena," binti alisema.

Waliisikiliza mara sita. Ndipo Dada Nyaya akaeleza, polepole.

"Nitawawekea diski mpya humo ndani, lakini nakala ikae kwenye chombo kingine. Nunueni diski mbili za nje, zile za kuchomeka kwa waya. Chomeka ya kwanza, nakili mafaili, kisha fungua moja uone kama linafunguka kweli. Ukimaliza, chomoa. Ukiiacha imechomekwa, umeme ukileta hitilafu au virusi vikiingia, kompyuta na diski zinaweza kuharibika pamoja."

"Na ya pili?"

"Ikae nyumba nyingine. Moto au mwizi hachagui droo."

"Nipeni mimi," shangazi alisema. "Nitaiweka kabatini, na kila mwezi nitaileta mniongezee mapya."

Wakakubaliana iwe Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Binti akaiandika ukutani, kwenye kalenda. Siku hiyohiyo seremala alichomoa ufunguo mmoja kwenye pete, akampa dada yake.

Jioni zilizofuata seremala alianza kusimulia upya hadithi za mama yake, na binti akazirekodi.

"Mchumba alikuwa mrefu," alisema.

"Bibi hakusema hivyo, baba."

"Alisemaje?"

Binti alifikiri. Hakukumbuka.

Miezi mitano baadaye Dada Nyaya aliifuta kompyuta ili aiwekee programu mpya, mafaili yakabaki kwenye diski tu. Siku hiyo, mke alipokuwa akisafisha, diski ya nyumbani ilitumbukia kwenye ndoo ya maji. Aliitoa, akamwita mumewe. Seremala akampigia simu dada yake, na kabla ya saa moja kupita ile ya pili ilikuwa mezani. Picha zilikuwepo. Hadithi za seremala zilikuwepo, pamoja na makosa yake.

Mwisho wakafungua ile ya sekunde arobaini.

"Wewe, zima hicho kidude," bibi alisema.

Hakuna aliyezima.