Rada Moja, Vitu Maelfu

Basi la Lindi liliposimama Somanga, Mwahija alikimbilia dirishani na sinia lake la pweza wa kukaanga, dera la manjano likimpepea miguuni. Kijana mmoja akachungulia.

"Dada, pweza wa leo huyu, au wa juzi?"

"Wa juzi nimemla mwenyewe, kaka'angu."

Kijana akacheka, akanunua, akaomba na namba ya simu. Yunusu huyo, mfanyakazi wa kituo cha rada nje ya Lindi, wanakofuatilia setilaiti na vyuma chakavu vinavyozunguka huko juu. Rada moja, vitu maelfu. Yunusu ndiye mgawa zamu: kipi kitazamwe, kwa muda gani.

"Sasa unachaguaje?" Mwahija alimuuliza siku moja kwenye simu.

"Ambacho njia yake naijua, nakitupia jicho mara moja kwa juma, basi. Chenye mashaka ndicho nakikodolea macho."

Mwanzoni alipiga kila adhuhuri, laazizi kwa wingi, na posa akaahidi baada ya msimu wa korosho. Kisha simu zikawa za Ijumaa tu. Mwahija akawa anakaa na simu mapajani, basi linakuja, basi linaondoka, hata kunadi hanadi.

Msimu ukaisha. Posa ikaja, lakini ya Ridhiwani, fundi baiskeli wa hapo hapo kituo cha mabasi. Baba mdogo, mzee Tawakali, akataka jibu Alhamisi. Mwahija akampigia Yunusu.

"Nimeposwa."

"Usinitanie, kipenzi."

"Wallahi. Wanataka jibu Alhamisi."

"Mwahija, kuna vyuma viwili vinakaribiana huku, rada yote nimeielekeza huko. Jumamosi nakuja na wazee."

"Na Alhamisi je?"

"Wewe nakujua, laazizi. Huendi popote."

Alhamisi Mwahija alingoja simu mpaka alasiri. Haikulia.

Jumamosi Yunusu akapiga hodi, kanzu imenyooka, wazee wawili nyuma yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mmechelewa, jamani. Tumeshajibu."

Yunusu akamgeukia Mwahija pale mlangoni. "Siku mbili tu zimekushinda?"

"Si siku mbili. Miezi minne nimekaa peke yangu."

"Nilikuwa nakuamini!"

"Najua."

"Huyo fundi unampenda?"

Mwahija akaushika ushungi wake, asijue aufunge au auache. "Ananiuliza nimeshindaje," akasema. "Kila siku, Yunusu. Na jibu ni lile lile, salama, na kesho anauliza tena."