Simu Moja kwenye Orodha ya Mahari

Mtaa mzima wa Kamalondo hakuna aliyeweza kumdanganya Léonard kati ya kitu orijinali na kopi. Ndivyo alivyojisifu mwenyewe kila Jumamosi, mbele ya meza yake ya kutengeneza simu, washona nguo wakikanyaga cherehani kando yake na baa ya ng'ambo ya barabara ikipiga muziki tangu asubuhi. Alikuwa akifunga macho, anapitisha kidole, anatoa hukumu.

Siku hiyo msichana mmoja alisimama mbele yake na simu ya kioo kilichopasuka. Alivaa liputa, kitenge cha manjano chenye ndege wa bluu, nywele amezisuka zikarudi nyuma, na shingo yake ilikuwa ndefu kiasi cha kumsahaulisha fundi bei zake. Alisikiliza majigambo yote, halafu akamnyooshea pindo la liputa.

"Na hii, fundi?"

Léonard akafunga macho, akasugua. "Wax ya kweli. Imetoka Ulaya."

"Iko kopi. Mi mwenyewe njo nauzisha, niko na robota nzima ya hizi liputa kule soko."

Barabara nzima ikacheka. Léonard alicheka kuliko wote, maana tayari alikuwa amekwisha.

Jina lake Abigaël, mtoto wa watu wa Kasai, mkazi wa Ruashi. Baba yake alifariki zamani, akalelewa na baba mdogo, Papa Godefroid. Kioo kilibadilishwa siku ileile, lakini simu ikaendelea kuugua kila wiki: mara haisikii, mara inasikia kupita kiasi. Mchana walipigiana kuulizana wamekula nini. Na kila walipokutana walibishana.

Léonard alikuwa mtu wa simu za Zenko jinsi wengine walivyo watu wa kanisa. Simu nyingine hakutaka hata kuishika bila kukunja uso. Mbaya kuliko zote ilikuwa Tamaro. Alimweleza Abigaël kwamba Tamaro waliiba brevet ya Zenko, ile haki ya aliyevumbua kwanza namna kioo kinavyoitikia kidole, wakashtakiwa, wakashindwa. Kwa hiyo, alisema, Tamaro yoyote ni kopi, hata ikitoka kiwandani ndani ya boksi lililofungwa.

"Basi na weye uko kopi ya papa yako," Abigaël alimjibu.

"Mi niko bora kuliko papa."

"Njo ile nakuambia. Kopi inaweza kupita orijinali, roho yangu. Nyamaza ukule."

Mwaka haukuisha, Léonard akapeleka posa, na familia ya Ruashi ikatoa orodha ya mahari: mbuzi, suti ya Papa Godefroid, maliputa ya mama, na simu moja orijinali, Tamaro. Jina liliandikwa kabisa na kupigiwa mstari. Papa Godefroid alikuwa na sababu. Alipokwenda Kilwa, ile ya kando ya ziwa, kununua samaki, Tamaro yake ilitumbukia majini, wavuvi wakaiopoa kwa wavu, na jioni ikalia kama kawaida. Tangu hapo simu nyingine kwake ni vigae.

Abigaël alimwomba Léonard mara tatu. Mara ya mwisho alimshika mkono. "Léo, leta Tamaro. Tafazali. Usinicheke."

Akamcheka. Akamwambia asijali.

Siku yenyewe uwanja wa nyumba ya Ruashi ulijaa viti vya kukodi. Léonard alikaa katikati ya wajomba zake, koti jipya, viatu vinavyong'aa. Vitu vikafunguliwa kimoja kimoja, akina mama wakipiga vigelegele, hadi boksi dogo. Ndani yake mlikuwa na Zenko, mpya, ghali kuliko Tamaro mbili.

Papa Godefroid hakukasirika. Aliuliza taratibu tu, kwenye orodha waliandika nini.

Hapo neno "samahani" lingetosha. Wajomba walimkanyaga mguu. Lakini Léonard alisimama akaanza kueleza brevet, mahakama, nani alivumbua nini. Akasema hawezi kumpa mkwe wake kitu cha wizi, na kwamba maana ya orijinali ni moja tu. Vijana wawili wakacheka. Akadhani ameshinda.

"Mwanangu," Papa Godefroid alisema, "huku kwetu orijinali ni kile muntu aliomba."

Kisha akamgeukia Abigaël, kama desturi inavyotaka, maana mali hailiwi mpaka binti mwenyewe aseme. "Abigaël, bintu bya bale bantu, tubikamate?"

Alikuwa akiuliza kama mahari ipokelewe. Akauliza tena. Mara ya tatu Abigaël akainua kichwa.

"Musibikamate, papa."

Mbuzi walirudi Kamalondo na gari lilelile lililowaleta.

Léonard alipiga simu siku tisa. Ya kumi akapokelewa.

"Ni juu ya simu, chérie? Nitanunua Tamaro kumi."

"Hapana juu ya simu. Nilikuomba kintu kimoja. Kesho mutoto akigonjwa, nikuambie tumupeleke kwa munganga, utanifundisha maana ya ugonjwa?"

"Ungeniambia tukiwa peke yetu."

"Peke yetu ungenichekesha mpaka nikubali." Akavuta pumzi. "Nakupenda bado, Léo. Usipige tena."

Hakupiga. Leo mwanamume huyo yuko salama, anakula, ananenepa. Mwezi uliopita Abigaël alipita hapa mezani na mchumba wake mpya; Léonard akawasalimu vizuri, akatania, wakacheka wote watatu.

Hapo ndipo ninapomalizia kila mara ninapowasimulia wateja wangu. Lakini leo Mama Régine, anayekaanga maandazi meza ya pili, akaweka kijiko chini.

"Léonard njo nani?" aliuliza. "Fundi wa simu hapa tuko naye mumoja, Hénoc, na ni weye. Abigaël na muchumba wake balipopita uliingia chini ya meza, ukasema unatafuta bisibisi. Abigaël alikungojea muda mrefu. Mi njo nilimuambia hauko."

Wateja wote wakanitazama.